Klachi mpya, gia haziingii: pima kabla hujashusha giaboksi tena

Gari limetoka gereji na seti mpya ya klachi. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia bila ubishi. Ukiwasha, gia ya kwanza inagoma, rivasi inakwaruza mpaka wapita njia wanageuka, na ukilazimisha gari linaruka mbele ilhali mguu umeikanyaga pedali hadi sakafuni. Ukimpigia fundi simu, aghalabu utapewa moja ya majibu matatu: klachi mpya huwa ngumu, endesha tu italegea; au giaboksi yako ndiyo mbovu; au lete gari tushushe tena.

Jibu la kwanza karibu kila mara si kweli. La pili ni kweli mara chache. La tatu linaweza kuwa kweli, lakini kushusha giaboksi ndiyo kazi ndefu kuliko zote katika kubadilisha klachi, na hakuna sababu ya kuirudia kabla mtu hajachukua rula na kupima kitu kimoja kidogo chini ya gari. Kipimo hicho ndicho kinachogawa tatizo mara mbili: ama liko nje ya giaboksi, ambako unaweza kulitibu bila kushusha chochote, ama liko ndani. Ili kipimo hicho kiwe na maana, lazima kwanza tuelewane kuhusu klachi yenyewe.

Kushika na kuachia

Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka muda wote injini inapowaka. Juu yake imefungwa presha pleti kwa bolti. Katikati ya viwili hivyo imebanwa sahani ya klachi, ambayo ina tundu lenye meno, na ndani ya tundu hilo inapita shafti ya giaboksi. Mguu ukiwa mbali na pedali, springi ya presha pleti inaibana sahani kwenye flaiwili, vyote vinazunguka pamoja na nguvu ya injini inafika kwenye giaboksi. Hapo klachi imeshika.

Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi inasukuma vidole vilivyoko katikati ya presha pleti. Vidole vikiingia ndani, uso wa presha unarudi nyuma kidogo, sahani inabaki huru, injini inaendelea kuzunguka na shafti inatulia. Hapo klachi imeachia, na gia zinaingia kwa sababu upande wa injini hausukumi tena.

Maradhi ya klachi kwa hiyo ni mawili yanayopingana. Klachi inayoteleza ni ile isiyoshika: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halipandi mlima. Klachi isiyoachia ni kinyume chake: inashika hata pale usipotaka ishike. Watu wengi huyachanganya haya mawili, wakaenda kununua sahani mpya kwa gari ambalo sahani yake haina kosa. Sahani iliyoisha huteleza. Kuisha kwa sahani peke yake si kawaida kuifanya igome kuachia.

Kutoka pedali hadi kwenye beringi kuna njia mbili. Baadhi ya magari, kama Suzuki Carry, ile tuliyoizoea kwa jina la kirikuu, hutumia waya wa klachi. Mengine mengi, Hiace, Hilux, Land Cruiser na Canter zikiwemo, hutumia mafuta ya breki. Pedali inasukuma fimbo ndani ya masta ya juu, mafuta yanapita kwenye bomba mpaka masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, na masta ya chini inasukuma fimbo yake inayobonyeza uma wa klachi. Uma ndio unaoisogeza beringi.

Hesabu ya milimita

Siri yote ya klachi isiyoachia imo katika umbali. Chukua gari la kawaida. Mguu wako unashusha pedali sentimita 14 au 15. Pedali ni wenzo, kwa hiyo kule juu kwenye fimbo ya masta mwendo huo umeshapungua kuwa karibu sentimita 3. Ukifika kwenye beringi ni milimita 8 hadi 10 hivi. Na uso wa presha pleti, ule unaoibana sahani, unarudi nyuma milimita 1 au 2 tu. Sentimita 15 zimeingia mguuni, milimita moja na kitu imetoka kwenye sahani. Tena hiyo milimita moja na kitu inagawanywa pande mbili za sahani, mbele na nyuma, ndiyo maana kila upande unapata nafasi ndogo kuliko unene wa sarafu.

Ni kama mshahara wenye makato. Ule wa kwenye karatasi unaonekana mzuri, lakini kila anayepitia hapo anakata kidogo, na kinachofika mkononi ndicho unachoishi nacho. Kwenye klachi wakataji ni upepo ndani ya mafuta, mpira uliochoka, pini ya pedali iliyolika, uma uliopinda, flaiwili iliyokerezwa sana, sahani iliyojikunja. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye lazima awe mkubwa. Wawili watatu wakikutana, ile milimita moja na kitu imekwisha.

Tufanye hesabu halisi. Tuseme masta ya juu ina tundu la milimita 16 na ya chini milimita 20. Eneo la duara hupanda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo kila milimita 10 za fimbo ya juu zinazaa milimita 6.4 kule chini. Fimbo ya juu ikisogea milimita 28, ya chini itasogea karibu 18. Sasa muuzaji wa spea amekupa masta ya chini inayofanana kila kitu kwa nje, bolti zinaingia, mpira unafanana, ila tundu lake ni milimita 22. Mwendo wa chini unashuka hadi chini kidogo ya milimita 15. Milimita 3 zimepotea dukani, na pedali itakuwa laini na tamu mguuni, jambo litakalokufanya uamini kazi imefanywa vizuri.

Upepo nao una hesabu yake. Mafuta ya breki hayakubali kubanwa, hewa inakubali. Kiputo cha mililita 1, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, kikibakia ndani ya mfumo wenye masta ya chini ya milimita 20, kinaweza kumeza zaidi ya milimita 3 za mwendo kabla fimbo haijasogea ipasavyo. Ukishaiona hesabu hii, huwezi kushangaa tena kwa nini klachi iliyokuwa nzima inagoma siku ileile ambayo bomba lilifunguliwa.

Kwanza hakikisha ni klachi

Simamisha gari pahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote moja moja. Zikigoma hata hapo, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye waya au vyuma vya kubadilishia gia, ambavyo huenda vilifunguliwa wakati wa kushusha giaboksi na havikurudishwa sawasawa. Klachi haihusiki.

Zikiingia zote kwa ulaini, washa injini ikiwa kwenye nyutro. Kanyaga pedali hadi mwisho, hesabu polepole mpaka kumi, halafu ingiza rivasi. Naitaja rivasi kwa makusudi: kwenye giaboksi nyingi gia hiyo haina sinkronaiza, yaani kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo haijui kuficha. Shafti ikiwa bado inazunguka, itakwaruza. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii.

Kisha pampu pedali mara tatu nne haraka haraka, ishikilie chini na ujaribu tena. Gia ikiingia sasa, umeshapata nusu ya jibu. Kupampu hakunyooshi sahani iliyopinda wala hakugeuzi iliyofungwa kinyume. Kunachofanya ni kusukuma mafuta zaidi, kwa hiyo tatizo lako liko kwenye mafuta: upepo, au masta inayovujisha ndani kwa ndani.

Rula chini ya gari

Sasa ndiyo kipimo chenyewe. Kwenye gari lenye masta ya chini inayoonekana kwa nje, mtu mmoja akae ndani akanyage pedali polepole, mwingine aangalie fimbo inayotoka kwenye masta ya chini kwenda kwenye uma. Injini izimwe. Kama ni lazima kuinua gari, liwekwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake.

Weka alama kwenye fimbo au uma kwa chaki, shika rula kando yake, na upime ilikoanzia na ilikoishia. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi wa kipimo kamili, lakini kwa magari mengi madogo na ya wastani unategemea kuona zaidi ya sentimita 1, mara nyingi sentimita 1 na nusu hivi. Ukiona milimita 6 au 7, hakuna haja ya kubishana na mtu kuhusu kilichomo ndani ya giaboksi. Klachi haijapewa mwendo wa kuachia.

Usiishie kwenye urefu. Angalia fimbo inaanza kusogea lini. Ikiwa pedali imeshuka hadi katikati na fimbo bado imetulia, kuna upepo, au kuna nafasi iliyozidi kati ya pedali na masta ya juu. Halafu mwambie aliye ndani aishikilie pedali chini kwa dakika nzima. Fimbo ikianza kurudi yenyewe kidogo kidogo ilhali mguu haujaondoka, raba za masta zimechoka na mafuta yanapita pembeni yake. Uvujaji wa ndani wa masta ya juu hauachi tone hata moja chini, ndiyo maana watu hukaa wiki nzima wakitafuta unyevu ambao haupo. Uvujaji wa nje ni rahisi: funua mpira wa vumbi wa masta ya chini uone kama kuna maji maji, na uguse zulia la ndani chini ya pedali.

Kuna magari ambayo masta ya chini iko ndani kabisa, imeizunguka shafti na imeungana na beringi. Magari mengi ya Ulaya na baadhi ya pikapu mpya ni ya namna hii. Hapo rula haina pa kukaa, na utabaki na dalili za pedali na kazi ya kutoa upepo vizuri. Kwa mwenye gari kama hilo nina ushauri mmoja tu: giaboksi ikishushwa, masta hiyo ibadilishwe papo hapo hata kama inaonekana nzima, kwa sababu siku ikianza kuvuja itadai giaboksi ishuke tena.

Mwendo ukiwa mfupi

Anza na mambo ya aibu. Zulia nene la plastiki lililokunjamana chini ya pedali huzuia sentimita nzima ya mwendo. Pini inayounganisha pedali na fimbo hulika ikawa ya umbo la yai. Bamba lililoshika pedali kwenye magari ya zamani hupasuka kwenye kulehemewa, na ukimwangazia tochi mtu akikanyaga utaona ukuta mzima unapumua.

Baada ya hapo ni upepo. Njia ya kawaida ya kuutoa ni ya watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua ile bolti ndogo yenye tundu kwenye masta ya chini, mafuta na viputo vinatoka kupitia mpira ulioingizwa kwenye chupa, bolti inafungwa kabla pedali haijaachiwa. Kosa linaloharibu kazi hii ni kusahau kikopo cha mafuta cha masta ya juu mpaka kikauka, hapo mnavuta upepo mpya na kuanza upya. Kosa la pili halionekani kirahisi. Masta za chini nyingine zimefungwa kwa mlalo unaoacha mfuko wa hewa juu zaidi ya hiyo bolti. Mtakanyaga hadi jioni na mafuta yatatoka safi, lakini kiputo kimekaa kwenye pembe yake. Dawa ni kuifungua masta ya chini bila kutoa bomba, kuigeuza bolti ya upepo itazame juu, kuisukuma pistoni yote ndani na kuizuia isitoke, kisha kutoa upepo ikiwa hivyo.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba kubwa la sindano. Hewa kwa asili yake hupanda, na hapa unaifuata inakotaka kwenda. Kama masta ya juu ni mpya, ilitakiwa ijazwe mafuta na kupampiwa ikiwa mezani kabla ya kufungwa. Ikifungwa kavu, upepo wake ni mkaidi.

Mafuta yenyewe yawe ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kikopo kinavyosema. Mafuta ya injini yanavimbisha raba za masta, na raba iliyovimba hairudi. Maji ya sabuni, ambayo wapo wanaoyamwaga humo wakikwama njiani, yanaleta kutu ndani ya silinda. Gari likiwa zuri asubuhi na kugoma likipata moto kwenye foleni, shuku mafuta ya siku nyingi yaliyonyonya unyevu, au bomba la mpira lililolegea linalovimba kila ukikanyaga. Lishike kwa mkono mtu akikanyaga. Likivimba kiganjani mwako, hapo ndipo mwendo unapoishia.

Mwisho kuna urekebishaji wa fimbo ya pedali. Lazima kuwe na nafasi ndogo ya bure kabla pedali haijaanza kusukuma, kwa magari mengi ya mafuta ni milimita 5 hadi 15 zikipimwa pale mguu unapokanyaga pedali. Ikizidi, umepoteza mwendo. Lakini kuirefusha fimbo mpaka nafasi yote iishe, kama wafanyavyo wengine ili gari litoke gereji, ni kubadilisha ugonjwa. Pistoni ya masta ya juu hairudi mwisho, kijitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda, na klachi inaanza kuteleza barabarani. Utaiunguza sahani mpya.

Kwa gari la waya hesabu ni fupi. Waya uliovutika, ulioanza kukatika nyuzi, uliopitishwa karibu na ekzosi au uliokunjwa kona kali baada ya ukarabati unakula mwendo uleule. Ukiona nati ya kurekebishia imefika mwisho wa uzi wake na klachi bado haiachii, waya ubadilishwe. Waya ukiwa mpya na nati bado imefika mwisho, shuku uma.

Mwendo ukiwa kamili

Fimbo inasogea vizuri, haichelewi, hairudi, na gia bado zinakwaruza. Sasa ndiyo unaweza kumpa fundi ruhusa ya kufikiria ndani. Kabla ya kushusha, achungulie kwa tochi au kamera ndogo kupitia dirisha la uma. Uma unaweza kuwa umeruka kutoka kwenye goroli yake, yaani kile kichwa cha duara unachoegemea, au beringi imetoka kwenye klipu zake, na vyote viwili wakati mwingine vinaonekana kutoka hapo.

Swali linalosaidia sana hapa ni hili: iligoma tangu dakika ya kwanza, au ilifanya kazi kwanza? Iliyogoma tangu ikiwa juu ya jeki ina kosa la kufunga au spea isiyo yake. Iliyofanya kazi siku mbili ndipo ikagoma imevunjika kitu, imeruka kitu, au inavuja.

Katika makosa ya kufunga, linalojulikana zaidi ni sahani kugeuzwa. Upande mmoja wa sahani kitovu chake chenye springi kimetokeza zaidi, na kwa kawaida upande huo hutazama giaboksi. Ukigeuzwa, kitovu kinagusa vichwa vya bolti za flaiwili na sahani haipati pa kusogea. Sahani nyingi zimepigwa muhuri unaosema upande upi ni wa flaiwili. Tatizo ni kwamba muhuri huo ni mdogo na kazi hufanyika chini ya gari, jasho likiingia machoni.

Kosa ambalo mimi huliogopa zaidi halina muhuri. Giaboksi ya Hiace au Hilux si kitu cha kuinua kwa mikono ya watu wawili na kukitafutia tundu. Shafti ikishaingia kwenye meno ya sahani na mtu akapumzika kidogo, uzito wote unaning'inia kwenye sahani. Inapinda kiasi ambacho jicho halioni, labda nusu milimita, na nafasi ya kuachia kila upande haikuwa kubwa sana kuliko hapo. Sahani mpya kabisa, ya kiwandani, imeharibiwa kabla haijazunguka hata mara moja. Fundi ataitoa, ataigeuza mkononi, ataiona nzima na kuirudisha. Dawa ya kuitambua ni kuivisha kwenye shafti na kuizungusha karibu na ncha ya bisibisi iliyotulia: ikiyumba, haifai.

Meno nayo yanasumbua. Sahani lazima iteleze kwa uhuru juu ya shafti. Meno yenye kutu, yaliyogongwa au makavu yanaizuia pale ilipo hata presha ikiwa imerudi nyuma. Yasafishwe, yapakwe grisi nyembamba ya kuhimili joto, na ya ziada ifutwe, maana itakayorushwa itaangukia kwenye bitana za sahani, zile nyuso zake za kushika.

Kwenye magari mengi ya kuendesha magurudumu ya nyuma kuna beringi ndogo, pailoti, katikati ya mwisho wa krenkishafti, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Ikikwama kwa kutu au kukauka, inaizungusha shafti hata kama klachi imeachia kikamilifu. Unaweza kubadilisha seti tatu za klachi na usitoke hapo. Bei yake ni ndogo, na si kila seti inayouzwa huja nayo.

Flaiwili iliyokerezwa nayo ina hesabu yake. Kila kilichotolewa kinaisogeza klachi nzima mbele, mbali na beringi, na uma unaishiwa na mwendo. Flaiwili yenye ngazi, yaani ambayo uso wa sahani na ule wa kufungia presha pleti haviko usawa mmoja, ikikerezwa uso tu bila ngazi yake, presha pleti inabana kwa namna isiyokusudiwa. Aliyekereza asipokupa kipimo alichotoa, umelipia kazi ya kubahatisha.

Halafu kuna spea. Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi unaweza kuuziwa seti kwa jina la gari, ilhali gari hilo lilitengenezwa na injini tatu tofauti. Beringi fupi kwa milimita chache, sahani iliyobandikwa bitana nene kupita kiasi, au presha pleti ya injini nyingine, vyote vinafungika bila malalamiko. Nenda dukani na vile vya zamani, ulinganishe unene wa sahani, urefu wa beringi na idadi ya meno palepale kwenye kaunta. Na kama gari lako ni la Ulaya, BMW kwa mfano, huenda presha pleti yake ni ya kujirekebisha yenyewe. Hiyo ikifungwa kwa kuvutwa na bolti kama za kawaida bila kifaa chake, pete ya ndani huweza kusogea na klachi ikagoma kuachia ikiwa mpya.

Maneno ya vijiweni

Lile la kwamba klachi mpya italegea yenyewe lina chembe ya ukweli iliyopotoshwa. Bitana mpya zinahitaji kilomita mia kadhaa za kuzoeana na flaiwili, lakini kuzoeana huko kunahusu kushika. Mwendo wa kuachia hauongezeki kwa kuendesha. Kinachoongezeka ni kukwaruzika kwa gia na sinkronaiza, na hapo ndipo giaboksi iliyosingiziwa ubovu inapokuwa mbovu kweli.

Wengine husema pedali ikiwa ngumu basi hakuna upepo. Ugumu wa pedali unatokana zaidi na springi ya presha pleti, na pedali ngumu juu inaweza kuwa na mwendo mfupi chini. Rula haijali mguu wako umesikia nini.

Na ile ya kuwasha gari likiwa kwenye gia ya kwanza ili lijivute lenyewe inafanya kazi, ni kweli. Itakutoa katikati ya barabara. Kuivuka Ubungo, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni kwa mtindo huo ni kutafuta kuligonga bampa la mwenzako, kwa kuwa kila ukitaka kusimama lazima uzime injini.

Kwa gari lililokaa miezi bila kuwashwa, hasa maeneo ya pwani yenye unyevu wa chumvi, au lililopita kwenye mafuriko, kuna uwezekano mwingine: sahani imeshikwa na kutu kwenye flaiwili. Hiyo mara nyingi huachia yenyewe gari likiendeshwa pahali wazi pedali ikiwa chini, na haina uhusiano na ukarabati uliofanyika.

Giaboksi ikishuka mara ya pili

Kuwa hapo kama unaweza. Omba kuona sahani ikiteleza kwa kidole kwenye shafti, pailoti ikizunguka, uma ukiwa umekaa kwenye goroli yake, na uso wa flaiwili ukifutwa ile mafuta ya kuzuia kutu ambayo vyuma vipya huja nayo. Bolti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, si moja ikamalizwa ndipo ya jirani ianze, kwa sababu kava hupinda.

Giaboksi ikipandishwa, iwe juu ya jeki muda wote na ifike kwenye injini kwa kusukumwa na mikono, mpaka nyuso mbili zigusane pande zote. Ikibaki pengo la kidole, kuna kitu hakijakaa: sahani haikusentiwa (haikuwekwa katikati sawasawa), pini za mwongozo hazipo, au waya umebanwa katikati. Ukiona fundi anachukua spana na kuanza kulivuta pengo hilo kwa bolti, mzuie hapo hapo, giaboksi irudishwe nyuma na kianze kutafutwa kilichozuia.